Kitanda Kinachofunguka

Nyinyi vijana mnaojifunza useremala siku hizi mnanifurahisha. Mna mashine ya kuranda inayolia kama ndege inayotua Bukoba, mna gundi inayoshika kabla hujaifunika, na mna simu za kupimia kama meza imelala sawa. Wachache wenu walinitembelea hapa kwangu, mtaa wa Bakoba, juzi, wakaniuliza kwa heshima, "Bibi Leokadia, ni kweli zamani mlitengeneza vitanda bila msumari? Mwalimu anasema sasa watu wanatafuta namna ya kubuni vitu ambavyo vikichakaa, kila kipande kinatumika tena." Nikawaambia mwalimu wenu yuko sawa, ila aliyenifundisha mimi hakuwa na jina refu hivyo kwa jambo hilo. Aliliita kuwa na adabu kwa mti.

Walipoondoka nikakaa nikawaza, nikaona niwaelezeni vizuri, maana siku ile niliishia kuwapa ndizi na kuwacheka.

Mimi sikuchagua useremala. Baba yangu ndiye alikuwa seremala kwa Bwana Jivan, Mhindi aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Bukoba, na karakana nyuma yake. Familia yao ilikuwa na duka pale tangu enzi za babu yake, na Kihaya alikisema kutuzidi sisi tuliosoma shule. Vidole vya baba vilipoanza kukakamaa kwa baridi yabisi, nikawa naenda kumshikia mbao. Nilikuwa msichana mkubwa, shule ya msingi nimeimaliza zamani, na nyumbani walikuwa wanangoja tu mtu aje kuniposa.

Siku moja Bwana Jivan aliingia karakana akaokota mfumbati wa kitanda, yaani ule ubao mrefu wa ubavuni. Akautazama mwisho wake uliochongwa.

"Nani amekata hii?"

"Mimi," baba akasema. Alikuwa amekaa pembeni anatafuna akamwani, kahawa yetu ile ya kutafuna.

Bwana Jivan akautia kwenye tundu lake. Ukaingia taratibu bila kugongwa. "Mzee, wiki nzima unanikatia mbao kama zimetafunwa na mbuzi. Hii si kazi yako." Akanigeukia. "Binti, kesho njoo na aproni yako."

Sikuwa na aproni. Nilikwenda na kanga ya mama, na niliivaa mpaka ikaisha.

Sasa niwaeleze kitanda chake, maana ndicho kilichonilisha maisha yangu yote. Kina matendegu, ndiyo miguu. Kina mifumbati, mirefu ya ubavuni na mifupi ya kichwani na miguuni. Juu yake zinapangwa chaga, zile mbao za kulalia. Mwisho wa kila mfumbati unachonga ulimi, na kwenye tendegu unatoboa tundu. Ulimi unapita tundu lote unatokeza upande wa pili, na kwenye ncha hiyo iliyotokeza unatoboa kitundu kidogo, unapigilia kabari. Basi. Kikikazwa hivyo hakiyumbi wala hakilii mtu akijigeuza, jambo ambalo maharusi walilishukuru kuliko watu wengine wote. Ukitaka kuhama, unagonga kabari kwa kipande cha kuni, zinatoka, na kitanda kinakuwa mzigo wa mbao unaobebeka.

Mwanzoni niliona ni usumbufu. Nilimuuliza kwa nini tusipige misumari tukamaliza mapema. Alinipa ubao wa mlango wa zamani, mvule mzuri kabisa, akaniambia niurande. Nilisukuma randa kwa nguvu zangu zote za ujana, ikakuta kichwa cha msumari kilichofunikwa na rangi. Kisu cha randa kikamegeka. Mchana wote uliobaki niliumalizia kwenye jiwe la kunolea.

"Aliyepiga huo msumari alikuwa na haraka," akaniambia baadaye. "Haraka yake umeibeba wewe."

Rangi nzito hakuipenda kwa sababu hiyo hiyo. Alisugua mbao kwa nta ya nyuki, ili atakayezipata baada ya miaka aone mishipa ya mti na ajue ni mti gani. Na kila alipochora kitu kwa chaki ubaoni, alituuliza: hiki kikifa, kitakuwa nini? Tukijibu kuni, anafuta mchoro.

Sikumsikiliza vizuri mpaka lilipotokea la kabati. Mwalimu mmoja wa Muleba aliagiza kabati la nguo na vitabu. Msimu ulikuwa wa mvua, barabara ni tope tupu, nikaona ni afadhali nibebe mbao nikaliungie chumbani kwake. Nikiwa peke yangu kule, bila macho ya Bwana Jivan, nilitumia gundi na misumari. Lilipendeza sana. Mwalimu alinipa kuku. Mwaka uliofuata akahamishwa, akaita vijana wa kulitoa, wakaligeuza huku na huku, wakalilaza, wakalisimamisha, halipiti mlangoni. Walitoa mlango, halikupita. Mtu mmoja alishauri watoe ukuta. Mwishowe niliitwa mimi na msumeno wangu, nikalikata vipande huku mwalimu amekaa juu ya sanduku lake kama mtu aliyefiwa. Niliporudi karakana na vile vipande, Bwana Jivan alicheka hadi akaegemea ukuta, kisha akanipa vitu vya kutengeneza kutokana navyo. Vikapatikana vigoda, na vigoda hivyo viliungwa kwa kabari.

Nawaambia haya mjue kwamba hata mimi sikuzaliwa naijua kazi.

Halafu ikaja vita. Nyinyi mnaisoma darasani. Sisi tulianza kuisikia kwa watu, wanakuja kutoka upande wa mpakani na magodoro kichwani, watoto mgongoni, mbuzi mmoja kwa kamba. Baadaye tukasikia mizinga yenyewe, na mji wa Bukoba ukaanza kumwagika kuelekea kusini. Maduka yalifungwa. Wahindi wachache waliokuwa wamebaki walifunga virago. Bwana Jivan alipeleka familia yake Mwanza kwa meli, yeye akabaki, akisema atafunga karakana taratibu. Nadhani alishindwa tu kuiacha.

Asubuhi moja alikuja mtawa aliyekuwa anasimamia nyumba ndogo ya akina mama wajawazito, wale wa mbali waliokuja kungoja siku zao karibu na mji. Tuliwatengenezea vitanda muda si mrefu kabla ya hapo. Mama wa watu alikuwa amekimbia, shela imekaa upande.

"Bwana Jivan, nimepata lori," akasema. "Ni moja tu. Nina akina mama ambao hawawezi kutembea hadi Muleba, na nikiwapeleka huko watalala sakafuni kwenye darasa. Ulisema vitanda vyako vinafunguka. Vinafunguka kweli, au yalikuwa maneno ya dukani?"

Bwana Jivan akachukua kofia yake. "Leokadia, beba kuni ya kugongea," akasema.

Tulivifungua vyote kabla chai aliyotuwekea yule mtawa haijapoa. Kulikuwa na vitanda vingine pale, vya chuma, vya kuchomelewa, vizuri kuliko vyetu kwa kuvitazama. Vilibaki, kwa sababu kitanda kimoja cha namna ile kingechukua nafasi ya akina mama watatu. Vyetu tulivilaza mbao kwa mbao kwenye sakafu ya lori, tukatandika magodoro juu yake, na akina mama wakapanda wakakaa juu ya vitanda vyao. Kabari zote Bwana Jivan aliziweka kwenye kofia, akaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Njiani, kwenye mteremko mmoja, lori liliruka shimo. Kofia nayo ikaruka. Kabari zikatapakaa barabarani na majanini, na nyuma yetu kulikuwa na msururu wa watu na ng'ombe. Dereva alikataa kusimama. Bwana Jivan alifika Muleba na kofia tupu. Sijawahi kumwona mtu mwenye huzuni kama ile kwa ajili ya vipande vya mti.

Darasa tulilopewa lilikuwa na kibanja jirani, migomba na mikahawa, mali ya mzee mmoja ambaye hatukumjua. Kabari inataka mti mgumu, na hakuna mti mgumu wa karibu kushinda mkahawa. Lakini nyinyi ni Wahaya wengi wenu, mnajua mkahawa ulivyo kwetu. Huendi kukata tawi la mkahawa wa mtu hivi hivi. Bwana Jivan alivua viatu mlangoni kwa yule mzee, akasalimia kwa Kihaya chake kizuri, akapewa akamwani akatafuna, akauliza habari za wajukuu, akasikiliza habari za shamba. Mimi nimesimama nyuma nasikia mama mmoja darasani ameanza uchungu. Ungetuona ungedhani tumekwenda kuposa.

Mwishowe akasema, akimwita kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, nina akina mama wa kulaza, na sina kabari."

Mzee akamtazama, akasimama, akachukua panga lake mwenyewe. "Mngesema mapema," akasema. Akatukatia matawi ya mkahawa uliozeeka, mengi kuliko tuliyohitaji, na akakaa nasi chini akasaidia kuchonga.

Mtoto wa kwanza alizaliwa siku hiyo hiyo, kitandani. Meza ya kuzalishia haikuwepo, basi tulifungua kitanda kimoja, matendegu yake yakawa ya meza, chaga zikawa uso wake. Wiki zilizofuata tukatoa humo humo kizuizi cha kuwasitiri akina mama na machela ya kumbebea aliyezidiwa. Vita ilipokwisha tuliviunga tena vyote vikawa vitanda, vikarudi Bukoba, vikakosa chaga moja tu, nayo sijui ilienda wapi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mchoro ulifutwa tukijibu kuni.

Bwana Jivan hakukaa sana baada ya vita. Duka lilikuwa limeporwa, bidhaa hazipatikani, na watoto wake walimtaka awafuate nje ya nchi. Siku ya kuondoka aliniachia randa zake, keekee ya kutobolea na benchi la kazi, na benchi hilo alilifungua mwenyewe mbele yangu, akaniambia niliunge aone. Nikaliunga. Akapitisha kiganja juu ya viungo. Tukaagana bandarini, hakunishika mkono wala hakunikumbatia, haikuwa tabia yake, alisema tu, "Usimfiche mtu namna ya kufungua." Alifia huko huko kwa watoto wake. Nimemwombea kila mwaka kanisani, ingawa hakuwa Mkristo, na padri nilipomwuliza alisema hakuna ubaya.

Sasa nifike kwenye miaka ambayo wengi wenu mmeisikia kwa bibi zenu, kama mlibahatika kuachiwa bibi.

Ugonjwa ulipoanza, watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyovuma wakati huo. Hatukujua unatoka wapi wala unaambukizwaje. Nilikuwa nimeolewa, nakaa Muleba na mume wangu Dionis, karakana yangu iko mbele ya nyumba. Nilikuwa fundi wa vitanda, nikajikuta fundi wa majeneza. Watu walikuja asubuhi na vipimo vya kamba. Jeneza ndilo kitu pekee nilichopigilia misumari bila kusita, kwa sababu halitafunguliwa na mtu. Mbao nzuri zilikuwa zinakwenda ardhini kila wiki, na zile zilizobaki juu watu walikuwa wanazichoma, maana aliyekufa kwa ugonjwa huo alichomewa kitanda, godoro, kiti, hata kinu alichowahi kukikalia. Wajane na yatima walibaki na sakafu.

Kulikuwa na mvuvi mmoja, Novatus, aliyekuwa anavua kisiwani Goziba. Mke wake Konsolata alikaa kijijini kando ya ziwa na watoto. Novatus alinunua kwangu kitanda cha mvule kabla hajaugua, akakipeleka Goziba kwa mtumbwi, na kwa kuwa kambi za wavuvi zinahama, kila walipohama alikifungua akahama nacho. Wenzake walimwita Bwana Kitanda. Alipoanza kudhoofika alirudi nacho nyumbani, akaugulia juu yake, na akafia juu yake.

Nilikwenda kuhani baada ya mazishi. Nilipokaribia nikaona kitanda kimetolewa nje, kimewekwa kwenye uwazi nyuma ya nyumba, na majani makavu ya migomba yamerundikwa chini yake. Kaka wa marehemu, Respicius, alikuwa ameshika kiberiti. Konsolata amekaa kizingitini, mtoto mdogo mapajani.

"Respicius, ngoja kidogo," nikasema.

"Fundi, nakuheshimu. Lakini wewe hukumuuguza. Mimi nilimgeuza, nilimfulia. Najua kilichoingia kwenye mbao hizo."

"Muuguzi wa zahanati anasema hauambukizi kwa mbao. Ametueleza wote."

"Alitueleza alipokufa mdogo wangu wa kwanza. Sasa nimezika wa pili." Sauti yake haikupanda. "Nikiacha kitanda hiki, mtoto mmoja wa humu akiugua, nitasema nini?"

Msidhani Respicius alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya kuwapenda wale watoto. Nami sikuwa na elimu ya kumshinda. Nilikuwa na hofu pia, nawaambia ukweli. Lakini nilimtazama Konsolata, nikaona nyuma yake mlangoni chumba kitupu kabisa, mkeka hata mmoja hakuna, vyote vimeshachomwa.

"Basi nipe mimi," nikasema. "Kama kuna kitu kwenye mbao, kije nyumbani kwangu. Mimi ndiye niliyekitengeneza."

Respicius akatazama kiberiti, akatazama kitanda. "Utakifanya nini?"

"Nitakilalia."

Nikagonga kabari mbele yao. Nikazisugua mbao ziwani kwa sabuni na mchanga, nikazipeleka nyumbani, nikaziranda uso wake wote, nikapaka nta, nikakiunga chumbani kwetu. Dionis alisimama mlangoni akakitazama, akasema tangu zamani mgongo wake unapenda kulala chini. Alitandika mkeka sebuleni. Sikumlaumu. Alivumilia mpaka mvua za masika zilipoanza na sakafu ikawa inatoa baridi, ndipo mgongo wake ukabadili mawazo. Alipanda kitandani bila kusema lolote, nami sikusema lolote, na hadi leo hatujalizungumza.

Nilikilalia muda mrefu, watu wakijua. Wanawake kisimani waliniuliza hali kila siku, kwa macho ya kunichunguza kama nimekonda. Sikukonda, wakati wa senene, wale panzi wetu wa kula, ndiyo kwanza nilinenepa. Ndipo nikakifungua, nikamrudishia Konsolata, lakini si kama kilivyokuwa. Mifumbati ile mirefu niliikata katikati, nikachonga ndimi mpya, na matendegu makubwa niliyapasua kwa urefu. Kitanda kimoja cha Novatus kikawa vitanda viwili vya watoto, na chaga zilizobaki zikawa benchi.

Respicius alikuja kuviona. Alizunguka, akainama, akakaa ukingoni kwa kitanda, akiwa wima kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa wilaya. Kisha akasema bila kunitazama, "Kuna kingine, cha mdogo wangu yule wa kwanza. Sikukichoma, nilikitupa kule nyuma ya migomba. Kimenyeshewa. Unaweza kukitazama?"

Nilikitazama. Kilikuwa cha misumari, lakini kilifaa.

Kuanzia hapo watu walianza kuniletea mbao badala ya kuzichoma, si wote, lakini wengi. Na hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho naona ndicho changu mwenyewe, si cha Bwana Jivan. Niliona jinsi watoto wanavyohama. Mama akifa wanakwenda kwa shangazi, shangazi akiugua wanakwenda kwa bibi, wanagawanywa huyu huku yule kule, na kila wanapofika wanakuta nyumba imejaa, wanaambiwa walale pale pembeni. Nikaanza kutengeneza vitanda vya watoto vya kipimo kimoja. Tundu zote sawa, ndimi zote sawa, kabari zote sawa, hata ukichanganya mbao za vitanda vitatu gizani utaviunga. Mfumbati wake haukuzidi urefu wa baiskeli, ili kitanda kizima kifungwe kwa mpira kwenye keria. Mtoto akikua, unaleta mifumbati mirefu, matendegu ni yale yale. Akiondoka, tendegu linakuwa la kigoda au meza. Watoto wenyewe niliwafundisha kufungua na kuunga, kwa sababu niliambiwa nisimfiche mtu.

Kwa hiyo mkikaa kubuni, msianze na umbo. Anzeni na siku ambayo mtu atakuwa amesimama na kitu chenu mkononi na hana pa kukiweka, na nyinyi hampo wa kumsaidia. Mfikirieni huyo. Mengine yote, gundi gani, skrubu gani, mtayapata kwa kazi.

Konsolata naye aliugua. Wakati huo dawa hazikuwepo kama sasa, na kila nimwonapo mtu leo anameza vidonge vyake na kwenda shambani, namshukuru Mungu na namkumbuka yeye. Alipofariki, ukoo ulikaa. Watoto wawili wadogo Respicius aliwachukua mwenyewe, bila kuombwa. Mkubwa, Adela, akapangiwa kwa bibi yake mzaa mama kule Ijumbi. Respicius akaniomba nimfikishe, kwa kuwa mimi nilikuwa na baiskeli na nilikuwa nakwenda upande huo kutafuta mbao.

Tulitembea, kitanda chake kimefungwa kwenye keria, mimi nikiikokota baiskeli na yeye akisukuma kwa nyuma milimani. Mara moja tu aliniuliza, "Bibi yangu ana watoto wengine?"

"Anao."

"Wengi?"

"Wengi," nikasema, kwa sababu sikutaka akute nimemdanganya.

Tulipofika, bibi alikuwa anamenya ndizi uani, wajukuu wamemzunguka. Alimkumbatia Adela muda mrefu, kisha akanivuta kando ya nyumba. "Mwanangu," akaniambia kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, "huyu ni damu yangu, siwezi kumkataa. Lakini humo ndani wanalala kama senene kwenye gunia. Nitamweka wapi?"

Kabla sijajibu tukasikia kugonga. Adela alikuwa amefungua mpira wa keria mwenyewe. Amebeba mbao ndani, mbili mbili, ameona nafasi chini ya dirisha kati ya gunia la kahawa na ukuta, na ameanza kuunga. Nilimfuata mlangoni nikitaka kusaidia, akatikisa kichwa. Akapachika ulimi wa kwanza, akageuza, akapachika wa pili. Binamu zake walikusanyika wakimtazama. Alipanga chaga moja moja, akapiga kabari kwa kipande cha kuni alichokiokota jikoni, akatikisa kitanda kwa mikono miwili kuona kama kinayumba. Hakikuyumba. Akatandika blanketi la mama yake.

Katoto kamoja, ka mwisho pale nyumbani, kakapanda kitandani bila kuomba ruhusa, kakajilaza katikati. Adela akakatazama. Kisha akakasogeza taratibu upande wa ukutani, ili kasianguke, naye akakaa kwenye nafasi iliyobaki.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kumbe," akasema, "amekuja na mahali pake."

Walinikaribisha chakula, nikala ndizi na maharage, nikaaga. Nilishuka mteremko wa Ijumbi na baiskeli tupu, nyepesi, nikisema wakola, wakola waitu, kwa sauti, mpaka watu waliokuwa wanapalilia kwenye vibanja wakainuka kunichungulia. Walidhani nawashukuru wao, wakaniitikia.